Jiwe la Kijani la Mke Mwenza

Kitale, 12 Januari 2025

Kukhu wangu,

Mulembe sana. Goti linaendeleaje? Na wale kuku wako watatu bado wanataga kwa jirani, ama wameshika adabu? Huku tuko wazima. Pale kwenye duka la agroveti nimepewa ufunguo wa stoo ya mbegu, kwa hivyo sasa mimi ni mtu mkubwa kidogo. Mama amepiga kutoka Kanduyi, anasema mdogo wangu Nabwile ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kabisa kucheka mbele ya wageni.

Ulilalamika kwamba kwenye simu mimi husema tu "niko poa, Kukhu" halafu nakata. Haya, nimeandika karatasi nzima kama ulivyotaka, na Linah wa vitunguu atakuletea siku ya soko.

Sasa kuna jambo. Rafiki yangu mmoja hapa kazini anataka kununua kito, lile jiwe la thamani la kuwekwa kwenye pete. Halijawekwa kwenye pete bado, ni jiwe lenyewe tupu, dogo kama punje ya mtama. La kijani, linachimbwa kule Taita. Dukani bei ni kali, lakini kwenye simu kuna mnada: muuzaji anaweka picha, watu wanapandisha bei kutoka kila mahali, na saa ikifika, aliye juu ndiye mwenye mali. Rafiki yangu anaogopa kuuziwa takataka. Nimekumbuka wewe umefanya biashara ya ng'ombe mnadani miaka thelathini, na kila mtu Sirisia anasema hujawahi kutapeliwa hata siku moja. Ungemshauri nini huyu rafiki?

Mjukuu wako,
Derrick Wepukhulu


Sirisia, 26 Januari 2025

Mume wangu Derrick,

Ulirithi jina la Kuka yako, marehemu babu, kwa hivyo ni mume wangu, utake usitake. Mulembe. Goti linauma nikienda kanisani na linapona nikirudi, sijui shetani gani huyu. Kuku wawili wamerudi. Wa tatu ameamua kuolewa huko huko. Mahindi ya mwaka jana nimeuza gunia nne, mengine ni ya kula.

Nimesoma habari za rafiki yako. Ana shida kweli huyo rafiki! Je, yeye pia ana kovu kwenye kidevu alilopata akianguka kutoka juu ya mpera wangu? Wacha mchezo, bana. Mwanaume hanunui jiwe la pete kwa ajili ya kuangalia. Kuna mwanamke, na mimi mke wako wa kwanza sijaambiwa jina.

Lakini nitakusaidia, kwa sababu mnada ni mnada, uwe wa ng'ombe au wa vijiwe. Nikienda mnadani sikuangalia ng'ombe aliyesimamishwa mahali pazuri akiwa ameoshwa. Nilisema, mtembezeni. Nikafungua mdomo nikaona meno. Wewe pia usipende picha. Mwambie muuzaji alipige jiwe video juani, aligeuze kila upande. Kama kuna karatasi ya kusema jiwe ni la kweli, usimuulize yeye. Waulize wale walioiandika.

Pia angalia watu wanaopandisha. Mnadani kuna wale marafiki wa mwenye ng'ombe, kazi yao ni kupiga kelele "ongeza!" na hawajawahi kununua hata mbuzi. Na bei yako ya mwisho uiandike kabla hujaanza. Kuka yako akiwa ndiye anayenunua, alikuwa ananiachia pesa zingine zote mimi, nami nilikuwa nasimama mbali asizifikie.

La mwisho, na hili lishike. Kuna muuzaji atakuita kando. "Mama, njoo hapa nyuma ya zizi, tusilipe ushuru, nikupunguzie." Usiende! Lipa mezani kwa karani, kila mtu akiona. Huko nyuma ya zizi ukidhulumiwa utamlilia nani?

Jina la mke mwenzangu nalitaka kwa barua ijayo.

Mkeo,
Nasike


Kitale, 16 Februari 2025

Kukhu,

Nimecheka mpaka Jerop, yule tunayefanya naye kazi, akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Sawa, nimeshindwa. Hakuna rafiki.

Anaitwa Nyaruai. Babake ni Mzee Kibe Gicheru, wanalima mahindi huko Kwanza tangu wazee wao walipotoka Nyeri. Yeye ni nesi kwenye zahanati hapo hapo Kwanza. Alikuja agroveti kununua dawa ya ndama wa baba yake, akanisahihisha kipimo mbele ya wateja. Nikamwomba namba. Ni mwaka na nusu sasa. Ananipenda, Kukhu, nami nampenda, lakini sijamuuliza rasmi. Jumamosi ya kwanza ya Agosti anatimiza miaka ishirini na saba, na ninataka siku hiyo nimuulize nikiwa na pete mkononi. Anapenda kijani. Hata soksi zake ni za kijani.

Habari njema ni kwamba mnada nimeshinda! Jiwe zuri ajabu. Tulishindana na mtu mmoja mpaka dakika ya mwisho, jasho likinitoka, na nikambwaga. Malipo yamekwisha, usiwe na wasiwasi juu ya hayo. Liko njiani.

Umwambie Linah vitunguu vyake vya juzi vilikuwa vimeota.

Derrick


Sirisia, 2 Machi 2025

Mume wangu,

Mulembe. Mvua imenyesha mara moja na ikatoroka. Mwalimu Absalom wa jumuiya yetu amemwoza binti yake, tumekula wali mpaka tukaona haya. Linah amesikia habari za vitunguu, amesema wewe ndiye umeota.

Kwa hivyo nina mke mwenza, na ni nesi. Vizuri. Ataniangalia goti. Mwambie faini ya kuingia kwenye boma langu ni jogoo mmoja mkubwa, mwekundu.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia rangi ya soksi za msichana, na hukuniambia bei ya jiwe. Hukusema kama uliona video. Hukusema karatasi. Ati "malipo yamekwisha, usiwe na wasiwasi." Nani alikuwa na wasiwasi? Mimi sikuwa nao mpaka uliponiambia nisiwe nao.

Nijibu swali moja tu. Ulilipa mezani, au nyuma ya zizi?

Nasike


Sirisia, 6 Aprili 2025

Derrick,

Mwezi mzima. Linah amekuja mara nne mikono mitupu. Anasema uko buheri wa afya, unauza mbolea, lakini ukimwona unajifanya unahesabu magunia.

Pasaka unakuja? Nitachinja.

Kukhu wako


Kitale, Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kukhu,

Nisamehe. Sikuja kwa sababu ungeniangalia usoni mara moja tu na kujua kila kitu.

Nyuma ya zizi. Nililipa nyuma ya zizi.

Yule muuzaji aliniandikia kando baada ya mnada. Akasema nikimtumia moja kwa moja kwa simu, bila kupitia mtandao wa mnada, atanipunguzia elfu tatu. Nilikuwa nimesoma barua yako, Kukhu! Ilikuwa hapo mezani. Lakini elfu tatu nikaona ni nauli na keki ya siku hiyo. Nikatuma. Jiwe likafika, linang'aa vizuri kabisa, nikalibusu. Nikampelekea Kipkirui, sonara wa hapa mjini, anitengenezee pete. Akaweka ile lenzi yake jichoni, halafu akaniuliza kama siku hizi nauza chupa. Ni kioo. Ndani kuna vipovu vya hewa, hata mimi aliponipa lenzi niliviona. Nilipowalalamikia wenye mnada, wakasema malipo hayakupita kwao, hawana la kunirudishia. Na yule mtu ameshafuta jina lake.

Nusu ya akiba yangu imeenda. Nimeona aibu mpaka Nyaruai namkwepa, naye anadhani nina mwingine. Labda nimuache tu. Mwanaume anayeshindwa kununua jiwe ataweza kuendesha nyumba?

Usimwambie Mama.

Derrick


Sirisia, 27 Aprili 2025

Mume wangu mpumbavu, mpenzi wangu,

Hakuna salamu leo. Kila mtu mzima, kuku mzima, goti bovu. Kaa chini usome.

Mwaka wa themanini na tatu nilinunua mtamba mnadani. Tumbo hivi! Ati ana mimba ya miezi saba. Nikafungua mdomo, meno mazuri. Kwato nzuri. Nikatoa pesa huku nikicheka ndani kwa ndani kwamba nimepata wawili kwa bei ya mmoja. Tukaanza safari ya nyumbani. Kufika pale kwenye mpapai wa marehemu Wakoli, mtamba akasimama, akaanza kukojoa. Akakojoa, Derrick! Akakojoa mpaka mtu angeweza kuimba tenzi mbili. Na mimi nimesimama naangalia tumbo likishuka, likishuka. Walikuwa wamemlisha chumvi asubuhi, halafu wakamnywesha ndoo za maji. Hakukuwa na mimba, ilikuwa ni maji!

Nilimwambia Kuka yako kwamba mimba iliharibika njiani. Alinipa pole, akanipikia uji mwenyewe. Amekufa akiamini hivyo. Mtu wa kwanza kujua ni wewe, miaka arobaini na miwili baadaye. Kwa hivyo hao wanaosema Nasike hajawahi kutapeliwa, waache waendelee kusema, ni jina zuri. Lakini zile kanuni nilizokuandikia, unafikiri nilizaliwa nazo?

Sasa sikia. Wiki iliyofuata nilirudi mnadani. Kama nisingerudi, baba yako angesomeshwa na nani?

Na wewe utarudi. Tafuta jiwe dogo zaidi, la kweli. Nyaruai ni nesi, hachagui mume kwa kupima jiwe kwenye mizani. Bei yako ya mwisho iandike kwenye karatasi, unitumie, nitaiweka ndani ya Biblia. Ukipita hapo hata kwa shilingi moja, nakuacha, na talaka yangu haina rufaa.

Na leo, usingoje kesho, mpigie huyo msichana. Mwambie ulikuwa umepoteza kitu na uliona haya. Huo ni ukweli, na hauharibu siri.

Mkeo wa mtamba,
Nasike


Kitale, 15 Juni 2025

Kukhu wa chumvi,

Mulembe, mulembe, mulembe! Mama hajambo, Nabwile amepata meno mapya makubwa kama ya baba, mahindi ya Mzee Kibe yananifika kiunoni. Nyaruai alinisamehe hata kabla sijamaliza sentensi, akaniuliza kitu gani kilipotea, nikasema nitamwambia Agosti.

Karatasi ya bei unayo. Sasa sikia vita vyenyewe. Mnada wa kwanza safari hii ulifungwa Jumamosi saa tisa mchana, dukani kumejaa wakulima wa mbolea. Jerop akawaambia nafanya nini. Haya, mbolea ikasahaulika! Mzee mmoja akawa anashikilia mfuko wa mbegu kama mtoto, anapiga kelele "Ongeza, kijana! Usikubali!" Nikafika kwenye bei yetu. Mwenzangu akaipita kwa mia tano. Mia tano tu, Kukhu! Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu. Nikaiona Biblia yako akilini. Nikaweka simu chini. Wakulima walinizomea, na yule mzee akasema vijana wa siku hizi hawana roho.

Lakini wiki mbili baadaye likatokea jingine, dogo zaidi, la muuzaji ambaye ameuza miaka tisa na walionunua wote wamemsifu. Nikaomba video juani, akatuma saa ile ile. Namba ya cheti nikaiweka kwenye tovuti ya maabara yenyewe, nikalikuta jiwe letu, uzito ule ule, picha ile ile. Kuna siku kumi na nne za kurudisha. Nikashinda, na chenji ikabaki! Nikalipa mezani, kwa karani, na pesa zikashikiliwa mpaka niliposema nimepokea. Kifurushi nikakifungua Jerop akinipiga video, ili mtu asije kusema nililibadilisha. Kipkirui akaweka lenzi. Safari hii aliligeuza kila upande, halafu akatabasamu. Akasema hili halijawahi kuwa chupa.

Ameshalitengenezea pete ya fedha. Ni nzuri mpaka nataka kulia, na nimelia.

Shida ni moja. Nyaruai huja kwangu kila Jumapili na hakuna droo asiyoifungua, ati anapanga. Kwa hivyo pete namkabidhi Linah ndani ya mkebe wa majani chai akuletee wewe. Nitaichukua mwenyewe Ijumaa, kabla ya ile Jumamosi. Ihifadhi vizuri. Na tafadhali, Kukhu, nakuomba kwa heshima zote: usiivae.

Derrick


Sirisia, 20 Julai 2025

Mume wangu,

Mulembe. Hali ya hewa ni nzuri. Kabichi ni nzuri. Kuku ni wazuri.

Derrick, niliivaa.

Nilitaka tu kuona vile inang'aa mkononi mwa mtu. Miaka hamsini nimeolewa, na Kuka yako, Mungu amrehemu, alinipa ng'ombe, hakunipa pete. Nikaiingiza kwenye kidole kidogo cha kushoto. Iliingia kama siagi. Nikazunguka nayo bomani nikiwaonyesha kuku. Kuitoa, imekataa. Nimetia sabuni, nimetia mafuta ya kupikia, nimetia Vaselini. Kidole kimefura kimekuwa kama ndizi. Kwenye kliniki ya hapa wamesema dawa ni moja tu, kuikata. Nikaficha mkono kwenye leso nikatoka mbio, na hilo goti likasahau kuuma.

Usinipigie simu, nina haya.

Nasike


Kitale, 23 Julai 2025

KUKHU!

Wasikate! Usimruhusu mtu yeyote na kisu, msumeno wala koleo. Nimebakisha siku kumi. Nakuja Jumapili, tutafikiri pamoja. Weka mkono juu, upungue kufura kidogo kidogo. Yaani nilikuomba kitu kimoja tu!

(Kidole kinauma? Niambie ukweli.)

Derrick


Sirisia, 25 Julai 2025

Derrick wangu,

Barua hii Linah ataileta haraka, leo hata vitunguu hapakii. Usije Jumapili, hakuna haja. Nimetoka Kwanza.

Ndiyo, Kwanza. Jana asubuhi nilimwambia Linah, kuna nesi mmoja ninayemwamini bila kumjua, nipeleke kwake. Nilipanga nisiseme neno. Ningekuwa bibi yeyote tu mwenye kidole kibovu. Nikakaa kwenye benchi na akina mama wa watoto, na alipotoka kuita mgonjwa nikamjua kwa soksi.

Ni mzuri, Derrick. Ana sauti ya kutuliza ng'ombe. Akaushika mkono wangu, hakuniuliza ni ujinga gani nilifanya. Akasema, "Shosho," yaani bibi kwa lugha ya kwao, "hapa hatukati kitu." Akachukua uzi, akaupitisha chini ya pete kwa sindano butu, akauzungushia kidole taratibu mpaka kwenye kifundo, halafu akaanza kuufungua kutoka chini, na pete ikawa inapanda na uzi, inapanda, mpaka tap! Ikaangukia kwenye kiganja chake.

Akaiinua dirishani aione. Akasema, "Ni nzuri jamani. Ni ya nani hii, maana yako siyo?" Nikasema ni ya mke mwenzangu. Akacheka. Akafungua kitabu aandike jina langu. Nikasema Nasike Wepukhulu, Sirisia. Mume wangu, hapo nilifanya kosa ambalo hata mtoto asingefanya. Kalamu ikasimama. Akaangalia jina. Akaangalia pete, ule ukijani wake. Akaniangalia mimi. Kisha akakaa chini kwenye kiti cha wagonjwa, na machozi yakamtoka bila sauti, na mimi pia nikaanza, tukawa wawili tunalia na mama wa watoto nje anauliza nani amekufa.

Aliivaa. Sikumwambia aivae, aliivaa mwenyewe, na imemkaa kama aliyezaliwa nayo. Alikaa nayo pengine dakika nzima. Halafu akaivua, akaifunga kwenye leso yangu kwa mafundo mawili, akanirudishia. Akasema, "Kukhu" (alisema Kukhu, nani alimfundisha?), "mpe. Mimi sijaona kitu. Jumamosi nataka aniulize mwenyewe, nimwone akitetemeka."

Kwa hivyo Ijumaa njoo uichukue, na Jumamosi nenda ukaulize. Shangaa kama mtu anayesikia jibu kwa mara ya kwanza. Yeye pia atashangaa, tumeshafanya mazoezi. Tetemeka kidogo, amesema anataka kukuona ukitetemeka, mpe hiyo raha. Lakini wewe mwenyewe, ndani, usiogope. Nilipokuwa natoka mlangoni alinikimbilia, akaninong'oneza sikioni, "Mwambie ndiyo." Halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akasema, "La, usimwambie!"

Aliyekuwa mkeo,
Nasike